Saa Isiyofuata Jua

Kwetu Unguja saa ni mtumishi wa jua. Likichomoza tunaanza kuhesabu, na muda wa saa moja ukipita tunasema ni saa moja. Likifika utosini ni saa sita. Likizama, huwa zimetimia kumi na mbili nasi tunaanza upya na hesabu ya usiku. Mtoto asiyejua hata kusoma anaweza kukitazama kivuli cha mnazi akaikisia saa bila ya kukosea sana, kwa kuwa kisiwa chetu kipo kiasi cha digrii sita tu kusini ya Ikweta, na baina ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haipatikani tofauti ya saa nzima. Hesabu hii, mimi niliyekulia ndani yake, sikupata kuidhania kuwa ni hesabu. Niliiona kuwa ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Nilifika Copenhagen mwezi wa Disemba, mwaka 1998. Katika mwezi huo jua la huko huchomoza karibu na saa mbili u nusu za asubuhi, likapita chini chini upande wa kusini kama mtu anayepita mlangoni pa mdai wake, na ikifika saa tisa u nusu limekwisha kuzama. Saa moja ya asubuhi, ambayo kwa lugha yangu maana yake ni saa ya kwanza ya jua, hukuta kiza kitupu, watoto wanakwenda skuli na taa za baiskeli zao zinawaka. Ukija mwezi wa Juni mambo hupinduka: jua huchomoza saa kumi u nusu za alfajiri na kuzama karibu na saa nne za usiku. Hebu msomaji jaribu kutamka kwa sauti maneno "saa nne za usiku" na huku jua linakupiga usoni, uone kama ulimi hautasita.

Wenyeji wenyewe (nawaita Wadenmark, ingawa wapo waandishi wanaowaita Wadeni, maana kwetu mdeni ni mtu mwengine kabisa) wana vituko vyao vya kuhesabu. Akitaka kutaja saa nane u nusu za mchana husema *halv tre*, yaani nusu ya kuiendea tatu. Kwa hivyo mimi hulazimika kwanza kuirudisha nyuma tatu yake iwe mbili u nusu, kisha niiongeze sita ipate kuwa nane u nusu, ndipo nijue basi langu linaondoka lini. Hamsini huiita *halvtreds*, neno lenye asili ya kuhesabu ishirini-ishirini, yaani ishirini mara mbili u nusu. Watu wenye hesabu kama hiyo hawana haki ya kuishangaa ya kwetu, na nimewaambia hivyo mara nyingi, nao hucheka na kukubali.

Tena huko saa husogezwa kwa amri. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi hupelekwa mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma, ili tofauti baina yetu na nyumbani iwe saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Mara ya kwanza nilipomweleza mama kwa nini simu yangu ya kila Jumapili imemfikia wakati si wake, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Na jua nalo limepewa taarifa?"

Kwa mwenye kufunga, jua si pambo la mbinguni, ni sheria. Ramadhani ilipoangukia Juni, kama ilivyokuwa mwaka 2015 na 2016, ilitubidi kuyafikiria upya mambo ambayo wazee wetu hawakupata hata siku moja kuyaulizia. Nyumbani mtu hufunga kiasi cha saa kumi na tatu au zaidi kidogo, mwaka uwe wowote. Kule jua lilikuwa likizama saa nne za usiku, na alfajiri ya kweli haipambanuki, kwa kuwa katika siku hizo kiza chenyewe hakikamiliki usiku kucha. Upande wa kaskazini hubaki weupe kama wa maziwa yaliyotiwa maji. Wapo waliofuata nyakati za Makka, wapo waliofuata mji wa karibu ambao usiku wake ni kamili, na wapo walioshika karatasi ya msikiti wao. Katika jengo letu moja mlikuwa na nyumba tatu zilizofuturu kwa saa tatu mbalimbali, kila moja na hoja yake, na sikumsikia mtu kumnyooshea mwenziwe kidole. Mimi nilifuata jua la pale nilipo, saa kumi na tisa, na uji wa mtama ukawa ndio rafiki yangu mkubwa. Jamaa wa nyumbani walituonea huruma sana. Lakini mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, na ndipo watakapotuonea wivu.

Baada ya saa, kilichonishughulisha ni siku. Wadenmark huzipa wiki nambari. Hakwambii "katikati ya Oktoba". Hukwambia "wiki ya 42", na kila mtu, hata mtoto, hujua kuwa hiyo ni wiki ya mapumziko ya skuli. Mwaliko wa chakula cha usiku hufika mwezi mmoja kabla, pengine miwili, na huandikwa kitabuni. Hapana mtu anayepita njia akaona taa ya ukumbini inawaka akapiga hodi. Sijapata kukuta katika lugha yao neno moja linalotosha mahali pa hodi, kwa sababu hodi haitaki kengele tu. Inataka na mtu wa ndani ambaye jibu lake, karibu, liko tayari mdomoni kabla hajajua ni nani aliyepo nje.

Wenzetu wengi walioko ughaibuni hukomea hapo, wakasema kuwa wazungu hawana ukarimu, mazungumzo yakesha. Mimi baada ya miaka mingi siwezi kuiridhia hukumu hiyo. Huyo aliyekualika kwa wiki ya 42 huwa amepika mwenyewe, amewasha mishumaa, ameiweka kando kila kazi yake, na tangu saa kumi na mbili hadi saa sita ya usiku hukaa nawe mezani bila ya kuinuka ila kuleta sahani. Mkikutana tena, hata ikiwa baada ya miezi, neno la kwanza utakalomwambia ni *tak for sidst*, ahsante kwa mara ile ya mwisho. Yaani salamu yao huanza na ukumbusho wa ukarimu uliokwisha kutendeka. Sisi twamkaribisha kila mpita njia, lakini nani kati yetu aliyepata kumshukuru mtu kwa wali aliokula kwake msimu uliopita?

Chini yetu alikuwa akiishi bibi mmoja mjane. Siku moja ya Sikukuu mke wangu alimpelekea sahani ya vitumbua na sambusa. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu utaitia ndimu mbili. Siku ya tatu sahani ilirudi imeoshwa, imekaushwa, haina kitu ndani, ila juu yake pana kadi iliyoandikwa kwa mkono, mistari mizima, akieleza namna kila kimoja kilivyokuwa na kuuliza jina la viungo. Mke wangu aliigeuza geuza sahani, akasema, "Tupu." Kisha akaiweka kadi ile katika kabati, pamoja na hati za watoto, na mpaka leo ipo humo.

Katika adabu ya maneno tofauti ni kubwa zaidi. Wadenmark walikuwa na neno la kumstahi mkubwa, *De*, kama walivyo nalo Wajerumani. Wengi waliliacha kwenye miaka ya 1970, na leo limebakia kwa Mfalme na kwa wachache wengineo. Mwalimu huitwa kwa jina lake, na daktari vivyo hivyo. Hata "tafadhali" hawalishughulikii kama wanavyolishughulikia Waingereza. Huomba kahawa na kutia *tak* mwishoni, ahsante kabla hujapewa, wakaona yatosha. Nilipoanza kuwaona hivyo niliwahesabu kuwa ni wakavu. Lakini na sisi, tukijitazama vizuri, "tafadhali" tumelipokea kutoka Kiarabu na hatulitumii sana. Adabu yetu imo ndani ya kitenzi: naomba unipatie, hebu nisogezee, ungenifanyia hisani. Asiyejua Kiswahili akitusikiliza atadhani twaamrishana mchana kutwa.

Shikamoo ndiyo iliyozua maneno nyumbani kwangu. Binti yangu, aliyezaliwa huko, alikuwa na umri wa miaka kumi na mbili alipokataa. Hakukataa kwa ujeuri. Alitoa hoja, kama alivyofunzwa skuli. Alisema kuwa neno lenyewe maana yake ni kushika miguu, na yeye hashiki miguu ya mtu, na kwamba bibi yake anaweza kumpenda bila ya hayo. Nilimjibu kuwa simwambii ampende, nataka amsalimie. Tulishindana wiki tatu. Aliyekata shauri ni bibi mwenyewe kwenye simu. Alipoambiwa kuwa mjukuu hataki kumwamkia, alisema, "Basi leo namwamkia mimi. Shikamoo, mjukuu wangu." Mtoto alinyamaza, akaona haya, akaitikia kwa sauti ndogo, "Marahaba." Wakacheka wote wawili mpaka simu ikakatika. Tangu siku ile yeye ndiye anayewahi kuamkia, wala sijui hoja yake aliizika wapi.

Malezi ya watoto wachanga nayapita kwa haraka, kwani kila aliyepata kuishi nchi za kaskazini ameyasimulia. Watoto wao hulazwa nje, ndani ya vigari, baridi ikiwa kali, na inaaminika kuwa hewa ile huwapa afya na usingizi. Mwaka 1997 mama mmoja wa Kidenmark alikamatwa New York kwa kumwacha mwanawe katika kigari nje ya mkahawa na yeye yumo ndani anakula. Kwao halikuwa jambo. Sisi tunaomfungia mzazi na mwanawe ndani siku arubaini, kwa maji ya moto na kumkanda na harufu ya udi, tutasema nini? Mama yangu alipopelekewa picha ya mjukuu wake amelala uani na theluji imetanda pembeni, hakusema kitu siku mbili.

Nililolikusudia hasa kulisema ni la maziko.

Baba alifariki Agosti 2014, siku ya Jumaane, baada ya sala ya Alfajiri. Simu ilinifikia saa moja u nusu. Nyumbani ilikuwa saa mbili u nusu. Ndugu yangu aliniambia mambo mawili katika pumzi moja: kuwa baba ametangulia, na kuwa maziko ni baada ya sala ya Alasiri. Hapo nilipiga hesabu ambayo kila mtu wa kwetu aliye mbali amekwisha kuipiga au ataipiga. Alasiri ya Unguja siku zile huwa mnamo saa kumi kasorobo, mtu akisaliwa kisha akachukuliwa. Ninazo saa saba, na pengine nusu juu yake. Kutoka Copenhagen hadi Unguja hapana ndege ya moja kwa moja ya kuitegemea; utapitia Addis Ababa au Doha au Istanbul, na kwa bahati njema kabisa hutafika chini ya saa kumi na mbili. Saba haiingii kumi na mbili. Hata ningekuwa nimesimama uwanjani na tiketi mkononi pale simu ilipolia, nisingemkuta.

Nilikwenda kazini kuomba ruhusa. Msimamizi wangu, mwanamke mpole, alinipa pole kwa dhati, akafungua kalenda yake na kuniuliza maziko ni lini. Nikamwambia leo. Akadhani nimekosea neno, akauliza tena, nami nikarudia: leo, saa tisa za hapa. Alikifunga kitabu chake taratibu. Yeye mwaka uliotangulia alimzika mama yake siku ya tisa, kwa sababu dada yake alikuwa akitoka Australia. Kwao maiti ndiye anayewasubiri walio hai. Atasubiri nafasi ya kanisa na ya kasisi, na kwa kuwa wengi wao siku hizi huchomwa, atasubiri na zamu ya tanuri. Na kaburi, au mahali pa jivu, hukodishwa kwa miaka maalumu. Muda ukimalizika na jamaa wasipolipia upya, jiwe huondolewa na pakapewa mwengine. Kwetu ni kinyume: maiti hasubiri mtu, lakini akishalala amelala, na hapana atakayekuja kumdai kodi.

Sababu za haraka yetu nazijua na nazikubali. Tumefundishwa kuwa kumharakisha maiti ni kumkirimu. Na nchi ya joto nayo ina sheria zake. Hata hivyo desturi hiyo iliwekwa wakati mtoto wa mtu alipokuwa Ng'ambo, au Makunduchi, au kwa umbali wa mwisho Pemba. Aliye Bara alisamehewa, na aliye baharini alijulikana kuwa yuko baharini. Leo hakuna mtaa wa mjini usiokuwa na watoto wake Uingereza, Denmark, Maskati, Kanada. Asubuhi ile dada yangu alisikiliza tangazo la kifo redioni, kama desturi, likawataja wafiwa mmoja mmoja, huyu wa Kikwajuni, yule wa Mwanakwerekwe, mpaka likafika kwangu: "na fulani, aliyeko Denmark." Kisiwa kizima kilijulishwa kuwa sipo.

Ulipofika wakati wa kuondoka na jeneza, ndugu yangu alinipigia, akaiacha simu wazi ndani ya mfuko wa kanzu yake. Sikuona kitu. Nilisikia msuguano wa nguo, na miguu mingi, na tahalili ikipanda na kushuka kwa jinsi watu wanavyopokezana, nikasikia gari likipisha, na mtu akisema "huku, huku." Kisha pakawa kimya, na baada yake sauti ya majembe, ambayo kwa simu husikika kama mtu anayekuna nazi chumba cha pili. Nilikuwa nimekaa juu ya benchi katika bustani nyuma ya kazini kwetu. Vijana walikuwa wamelala juani nusu uchi, kama wafanyavyo wakiona jua. Talakini niliisikia yote. Halafu salio likamalizika.

Siku hizi wapo wanaorusha maziko moja kwa moja kwa picha, na nimekwisha kualikwa katika maziko ya namna hiyo, nikatazama uso wa mtu anayelia umeletwa karibu kuliko ambavyo angeridhia. Sipendi. Mfuko wa kanzu unatosha.

Sasa mama ana umri wa miaka themanini na tano. Mwaka jana ndugu yangu, kwa kunihurumia mimi, alitoa rai katika kikao cha familia kuwa itakapofika siku yake, Mungu amcheleweshe, awekwe hospitali usiku mmoja ili walio nje wawahi. Zipo familia zilizokwisha kufanya hivyo. Dada aliipinga. Binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima, aliunga mkono kwa nguvu zote: alisema bibi amemngoja kila msimu kwa miaka yote hii, vipi asimngoje kwa siku moja ya mwisho? Hoja hiyo ilinikaa, sitaki kusema kuwa haikunikaa. Lakini mimi nilisema hapana. Nikija nikamkuta ndani ya jokofu, atakuwa amengojeshwa kwa ajili ya macho yangu, wala si kwa ajili yake. Binti yangu hakuridhika na mpaka leo hajaridhika.

Mama alipopata habari ya kikao hicho, maana katika nyumba zetu hakuna kikao kisichovuja, alinipigia yeye mwenyewe, na kwa kawaida hapigi.

"Nasikia mnataka kunitia kwenye friji," alisema.

Nikamwambia si mimi, Mama.

"Msinicheleweshe kwa ajili ya ndege. Ndege zenyewe hazifiki kwa wakati." Kisha akauliza, "Na wewe? Watakuzika wapi?"

Swali hilo huwa tunalizunguka katika jumuiya yetu. Tunachangishana kumrejesha mtu kwao, na nimepata kuchangia zaidi ya mara moja. Lakini watoto wetu wako huko, na kaburi lililoko Unguja watalizuru mara ngapi? Tangu mwaka 2006 Waislamu wa Copenhagen wana makaburi yao Brøndby, magharibi ya mji. Nikamweleza hayo yote. Nilidhani atahuzunika. Akaniuliza ni mbali na nyumbani kwangu, nikamwambia si mbali. Akauliza ardhi yake ikoje, ni mchanga au udongo. Nikamwambia ni udongo, na wakati wa baridi kali huganda ukawa mgumu kama jiwe.

Akafikiri.

"Basi ujitahidi ufe mwezi wa Juni," alisema, "usiwataabishe watu."

Kisha akaniuliza kwenu saa ngapi sasa, nami nikamwambia.